Taraivini na Mzigo Mrefu Kuliko Gari

Wifi yangu Taraivini alikuwa mwanamke wa kisiwani, na ninaposema kisiwani sisemi Viti Levu, kisiwa hiki chetu kikubwa chenye barabara na taa. Nasema Namuka, kule kwenye visiwa vya Lau, mahali ambapo ukitaka kufua nguo unatazama kwanza mbingu zinasemaje, kwa kuwa mto hakuna. Huko alizaliwa, huko alikulia, na isingekuwa harusi ya mwanangu Laniana, naamini angezeeka huko huko bila kuukanyaga mji wa Suva.

Alikuwa dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Josaia. Mfupi, mabega mapana, na kanisani alikuwa na sauti nzito kiasi cha kuwafanya waimbaji wa kiume watazamane. Hakuolewa. Mchumba alikuwapo, fundi mashua wa kisiwa cha Kabara, lakini mama yao alipopooza, Taraivini alimwomba yule fundi asubiri. Fundi akasubiri msimu mmoja wa viazi vikuu, kisha akaoa kwingine. Sijapata kumsikia Taraivini akilalamikia jambo hilo. Ukimuuliza alikuwa akijibu, "Yule bwana alikuwa anakoroma hata akiwa macho," na hapo mazungumzo yameisha.

Kazi yake ilikuwa masi, kile kitambaa chetu cha gome la mti. Alipanda miche mwenyewe nyuma ya nyumba, akaikata ilipofika urefu wake, akabandua gome, akaliloweka, akalitwanga kwa rungu la mti juu ya gogo mpaka ukanda wenye upana wa kiganja ukawa shuka. Kisha akaunganisha shuka na shuka, akapiga chapa za masizi na udongo mwekundu. Asubuhi ukiamka Namuka ulisikia kwanza majogoo, halafu rungu la Taraivini. Mikono yake ilikuwa migumu kama kwato, lakini akishika chapa ungedhani anamshika mtoto mchanga.

Josaia alipofariki, Laniana alikuwa bado anavaa sare za shule. Mimi nilimlea kwa cherehani yangu hapa mjini, mtaa wa Raiwaqa, nikishona magauni ya watu. Akakua, akasoma, akapata kazi maabara ya maji, akapata na mchumba, kijana mwenye adabu wa familia kubwa ya mtaa wa Samabula. Siku walipokuja kuposa alikuwapo bibi yake yule kijana, Bibi Losana, mwanamke mwembamba wa nywele nyeupe, ambaye akiingia mahali hata viti hujipanga. Alinisikiliza, akanywa chai yangu, kisha akasema kwa sauti laini kabisa:

"Mwanangu Unaisi, najua mila inataka bibi harusi avishwe na upande wa baba yake. Lakini mtoto asiye na baba hatumdai kitu. Aje tu hivyo alivyo. Tutamvisha sisi."

Hakukosa adabu. Ndiyo maana ilichoma. Nilimpigia Taraivini kule kisiwani, na ilibidi kwanza apande kilima cha nyuma ya shule ndipo simu ishike. Nikamweleza neno kwa neno.

"Wifi," akasema, "waambie wasinunue hata sindano."

Tangu siku hiyo rungu lake halikupumzika. Watu wa Namuka waliokuja mjini walinihadithia kwamba ameitandika masi kwenye ukumbi wa kanisa, ikajaa, ikatokea mlangoni. Wanawake wenziwe walimsaidia kuunganisha, lakini chapa hakumruhusu mtu kuzigusa. Alisuka na mikeka, akamchongesha mzee mmoja bakuli la yaqona, kile kinywaji chetu cha mizizi, bakuli la mti mzito, kubwa kama beseni la kuogeshea mtoto. Vyote hivyo vilipangwa kuja kwa meli. Wiki ya harusi, meli ikaharibika injini ikiwa bado bandarini, na mafundi wakasema tusiwaulize kitu mpaka mwezi ujao.

Mwingine angelia. Taraivini alipakia kila kitu kwenye boti ya mashine, akajilaza juu ya turubai kama kuku juu ya mayai, akavuka bahari mpaka Lakeba, kwenye uwanja wa ndege. Ile ndege ndogo ilikuwa na abiria wachache siku hiyo. Rubani aliutazama mzigo, akamtazama mwenye mzigo, akaona kubishana ni kupoteza mafuta. Masi ikalazwa kwenye njia ya katikati. Bakuli likapewa kiti, likafungwa mkanda.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Nausori Ijumaa mchana, na teksi ya jirani yangu Dharmend. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi yake, ile mvua ya Nausori isiyo na haraka, inayojua kwamba hakuna wa kuifukuza. Tukasimama kwenye baraza la uwanja tukiwatazama wapakuaji wakija. Wanaume wanne walibeba begani kitu kirefu kilichofungwa turubai la buluu na kamba, na mbele yao, bila mwavuli, akitembea kama mtu anayeongoza maandamano, alikuwa wifi yangu.

Akanikumbatia, akanisogeza mbali anitazame vizuri.

"Umekonda. Nani anakunyima chakula?"

"Wewe. Sijalala wiki nzima kwa ajili yako."

"Kukosa usingizi hakukondeshi, wifi. Kunazeesha tu, na hilo umeshafanya."

Dharmend alikuwa akilizunguka lile turubai. Alipofika mwisho wake akageuka akaitazama teksi yake.

"Mama," akasema, "hili ni zulia au ni mlingoti?"

"Ni nguo ya bibi harusi."

"Basi huyo bibi harusi ni mrefu sana."

"Hujamwona? Ni jirani yako."

Kweli ule mzigo ulizidi gari kwa urefu. Taraivini alikuwa ameiviringisha masi kwenye mwanzi mmoja mnene, kwa sababu masi ya namna ile ukiikunja michoro inakatika. Ilikuwa nzito kama mtu aliyelala. Juu yake kulikuwa na robota la mikeka, lile bakuli, na sanduku la nguo zake, ambalo kati ya vyote ndilo lililokuwa dogo.

"Tufunge juu ya paa," Dharmend akapendekeza.

"Mvua ikiigusa inalegea," akasema Taraivini. "Rangi inachuruzika, gome linakuwa uji. Ningetaka kumpelekea mtoto uji, ningepika."

Tukaanza kutafuta gari kubwa. Malori madogo ya kukodi ambayo siku zote hujazana pale nje hayakuwapo hata moja. Yote yalikuwa yamechukuliwa na msiba wa mzee mmoja wa Rewa. Dharmend alipiga simu kwa kila binamu yake mwenye gari, na ana binamu wengi. Mmoja yuko Ba, mmoja gari liko gereji, mmoja alisema anakuja na sote tukajua haji. Upande wa pili Suva ilikuwa inangoja. Jioni ile ile, mbele ya jamaa wa Samabula, upande wa baba ulitakiwa ukabidhi ulichonacho. Nilianza kuiona sura ya Bibi Losana, akinihurumia.

Ndipo likaja lori la bodi ya bati iliyofungwa pande zote. Lilikuwa limeleta magimbi ya kupelekwa Auckland, limeshashusha, na dereva alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango akila roti, ile chapati ya Kihindi. Mtu mkubwa, shingo kama gogo, uso wa kucheka. Taraivini akamwendea.

"Kijana, hilo lori lako halivuji?"

"Halivuji, mama."

"Vizuri. Tupeleke Suva."

Yule mtu akacheka, akafuta mdomo. "Mama yangu, mimi narudi Korovou. Suva ni huku, Korovou ni kule. Watu wananisubiri na bakuli la yaqona."

"Bakuli halina miguu, litakungoja."

"Bakuli litangoja. Wanywaji je?" Akaingia kwenye lori, akafunga mlango, kwa heshima lakini akafunga.

Nikamshika wifi mkono tuondoke. Hakuondoka. Alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. Baadaye aliniambia ni lafudhi ya yule bwana iliyomgusa, jinsi alivyomeza herufi katikati ya neno, vile alivyokuwa akifanya babu yao mmoja aliyeoa kule milimani. Akagonga kioo.

"Baba, samahani. Kwenu hasa ni wapi?"

"Waimatai. Juu milimani, ukishapita Korovou. Hupajui."

Taraivini aliweka mkoba wake chini kwenye maji. Akashika kiuno.

"Umesema Waimatai?"

"Ndiyo."

"Mla popo wewe."

Watu waliokuwa barazani wakageuka. Yule dereva alibaki na roti mkononi, akamtazama mama huyu mfupi aliyelowa kutoka juu mpaka chini, na polepole uso wake ukawa kama wa mtu aliyekanyaga mwiba.

"Mama, usiniambie wewe ni wa Namuka."

"Wa Namuka. Ukoo wa pwani."

"Wanywa matone," akasema kwa unyonge. "Kati ya watu wote wa nchi hii, na siku zote za mwaka."

Mababu wa Waimatai na mababu wa Namuka walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wakagombania kichwa cha kasa, mmoja akakimbilia milimani, mwingine akakimbilia baharini, na tangu hapo vizazi vyao ni watani. Mtani kwetu hanyimwi. Akiitaka shati yako unavua, akimtaka nguruwe wako unamshika mguu umsaidie kumbeba. Unachoruhusiwa ni kutukana tu, na siku ukifika kwake unalipiza.

"Shuka unifungulie nyuma," akasema Taraivini.

"Mtani, nisikilize. Lori hili si langu. Ni la mke wangu, yeye ndiye tajiri, mimi naendesha tu."

"Sijasema lori ni lako. Nimesema dereva ni wangu."

Watu barazani walicheka mpaka mlinzi akatoka kutazama. Kaliopate, maana ndilo jina lake, akatoa simu kama mtu anayekata rufani. Akaifungulia spika ili sote tusikie. Akamweleza mkewe kwamba amekamatwa uwanjani na mtani wa Namuka, anamtaka aende Suva na mzigo, mvua inanyesha, barabara haijulikani ikoje.

Sauti ya mwanamke ikajibu bila haraka: "Mtani mwenyewe yupo hapo?"

"Nipo, mwanangu," akasema Taraivini.

"Shikamoo mama. Mchukue. Ukimaliza naye usimrudishe mpaka Krismasi."

Basi Kaliopate akashuka, akafungua milango ya nyuma akinung'unika kuhusu watu wanaooga kwa kijiko. Ndani kulikuwa na tope la magimbi. Tukalifagia, lakini sakafu ilibaki na unyevu. Taraivini akapanda, akatazama, akaenda zake mbele kwenye kiti cha dereva, akarudi na shati mpya ya maua iliyokuwa imetundikwa kwa henga. Akaitandika chini, mahali ambapo ncha ya masi ingelala.

"Hiyo ya kuendea kanisani," akasema Kaliopate.

"Imeshaanza ibada," akajibiwa.

Tukapakia masi na mikeka. Bakuli na sanduku tukampa Dharmend kwenye teksi, atufuate. Mimi nikakaa mbele na Kaliopate. Taraivini alikataa kukaa mbele. Aliketi nyuma gizani, mkono mmoja juu ya turubai, mlango mmoja ukiwa umeachwa wazi kidogo apate hewa.

Tukavuka daraja la Rewa. Mto ulikuwa umenenepa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo. Kaliopate aliendesha kwa uangalifu mkubwa na kunisimulia jinsi watu wa Namuka walivyo, na kila alipotukana alipunguza mwendo kwenye mashimo, mzigo usitikisike. Tukapita Nakasi. Hapo mbele magari yakaanza kusongana, na taa nyekundu zikawa nyingi, na mwishowe tukasimama kabisa.

Kulikuwa na bonde, barabara inashuka na kupanda tena. Kijito cha pembeni kilikuwa kimeziba, maji yamejaa yakatanda kama ziwa. Askari polisi mwenye koti la mvua alikuwa anageuza magari madogo. Malori na mabasi aliyaacha yajaribu. Kupitia kioo cha pembeni nilimwona Dharmend akisimamishwa, akiteta kwa mikono miwili, kisha akigeuza kuelekea kituo cha mafuta.

"Tunapita?" nikamuuliza Kaliopate.

"Mke wangu ataniua. Tunapita."

Akaingia taratibu. Mbele yetu basi lilikuwa limezimika katikati ya maji na abiria wake wamejaa madirishani. Kaliopate akajaribu kulipita kwa kulia. Tulikuwa tumefika ubavuni mwake hasa pale lori lilipokohoa mara moja, likakohoa tena, likanyamaza. Akazungusha ufunguo. Kimya. Maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya mlango, na yalikuwa bado yanapanda.

Nyuma yangu nikasikia ngumi zikigonga bati. Nikashuka, maji yakanifika mapajani, nikapapasa ubavu wa lori mpaka nyuma. Taraivini alikuwa amesimama mlangoni. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona wifi yangu ana hofu. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango, ulimi mwembamba, na shati ya kanisani ilikuwa imeshalowa nusu.

"Tukingoja hapa tumekwisha," akasema.

"Tutaibebaje watu watatu?"

Alitazama lile basi. Madirisha yake yote yalikuwa na watu: wanaume wa ujenzi waliovaa kofia ngumu, wanawake wa kiwanda cha nguo wanaotoka zamu, manesi wawili, mchungaji mmoja na mkewe. Wote walikuwa wanatutazama kama watu wasio na la kufanya. Taraivini akavuta pumzi, na ile sauti ya kanisani ikatoka.

"Jamani, nani hapo ana mabega?"

Mjenzi mmoja akauliza, "Kuna nini humo, mama?"

"Masi ya harusi ya kesho. Mtoto wa marehemu ndugu yangu. Nimeitoa Namuka mpaka hapa haijaguswa na tone. Mkiniacha hapa, italowa mbele ya macho yenu, na mimi nitawahadithia watu kwamba nyinyi mlikuwapo."

Mlango wa basi ukafunguka. Yule mjenzi aliruka wa kwanza, viatu mkononi, akaviona havina maana akavitupa ndani tena. Wakafuata wenzake. Wakafuata wanawake wa kiwandani, sulu zao, zile shuka za kiunoni, zimefungwa juu ya magoti, wanapiga kelele jinsi maji yalivyo baridi. Mchungaji alivua koti, akampa mkewe. Mkewe alilitupa kitini akashuka na yeye.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," akasema Kaliopate, akaingiza bega lake chini ya ncha ya mbele.

Wakaitoa masi ndani ya lori wakainyanyua juu ya vichwa, mikono imenyooka, safu mbili ndefu. Wengine walichukua mikeka, wawili kwa kila fungu. Taraivini alitangulia akitembea kinyumenyume, uso kwetu, mgongo kwenye maji, akiamuru. Wa kushoto wapandishe, wa katikati wasikimbie, wewe mwenye kofia unapinda. Kisha akaanzisha wimbo, ule wa kuvuta mtumbwi mzito kutoka msituni, ambao kila mtu wa nchi hii aliwahi kuusikia kwa babu yake hata kama hajawahi kuona mtumbwi ukivutwa. Watu wakaitikia. Waliobaki kwenye magari wakateremsha vioo. Mvua nayo ilikuwa inapiga turubai kama ngoma.

Katikati kabisa mjenzi mmoja alikanyaga mfereji uliofichwa na maji. Akatoweka mpaka kidevuni. Safu ikayumba, ncha ya nyuma ikashuka, ikashuka tena, na mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, Kaliopate alikuwa ameacha mahali pake mbele, amezama chini ya ile ncha, na ameipokea kwa shingo yake ile. Maji yalikuwa yanamtoka puani. Turubai lilikuwa juu ya maji kwa upana wa mkono mmoja.

"Mla popo," Taraivini akamwambia, na kwa jinsi alivyolitamka ungedhani ni jina la kubatizwa.

"Tembea, mama," akasema Kaliopate. "Shingo inauma."

Tukatoka upande wa pili. Nyuma yetu, mtu wa mwisho kuvuka alikuwa Dharmend. Alikuwa ameliacha gari kituo cha mafuta, akaja kwa miguu, sanduku begani na lile bakuli la mti limefunika kichwa chake mpaka machoni.

Upande ule basi lililotoka Suva lilikuwa linageuza, maana pa kwenda hapakuwa. Dereva wake aliona lile kundi linapanda kutoka majini likiimba na kitu kirefu juu ya vichwa, na alituambia baadaye kwamba alidhani ni jeneza la chifu. Akavua kofia. Alipoelezwa, akaivaa tena, akaenda kufungua mlango wa dharura wa nyuma. Masi ikaingia kwa huko, ikapita katikati ya viti mpaka ikamgusa dereva begani. Sakafuni kulikuwa na maji ya viatu, kwa hiyo hakuna aliyekubali iwekwe chini. Waliketi pande mbili, wakailaza juu ya mapaja yao, kila mtu na kipande chake. Mapazia ya madirishani yakashushwa. Taraivini alisimama njiani akipita toka mwanzo mpaka mwisho, akigusa turubai huku na huku.

Kaliopate alibaki. Alipaswa kurudi kwa lori, akampigie simu mwenye mali. Wifi yangu alimwita dirishani.

"Kesho Samabula. Usipokuja nitakufuata Waimatai."

"Kesho nitakuja na njaa," akasema.

Tulipofika kituo cha mwisho mjini, dereva akauliza mzigo unateremkia wapi. Nikasema tushusheni hapo hapo, tutatafuta namna. Mwanamke mmoja wa kiwandani akanikata.

"Namna gani? Tumeibeba majini, halafu tuitupe kituoni?"

"Peleka juu," akasema mjenzi.

"Hiyo si njia yangu," akasema dereva, na tayari alikuwa amekata kona ya kupanda Samabula.

Jua lilikuwa halijazama, ila wingu lilikuwa limeshusha kiza chake. Jamaa wa mchumba walikuwa wameketi barazani na chini ya turubai la uani, wamevaa vizuri, wametulia, wamekata tamaa kwa adabu. Laniana alikuwa amesimama kwenye ngazi, macho mekundu. Basi zima likasimama mbele ya geti. Mlango wa nyuma ukafunguka, wakaanza kushuka watu wasiowajua, wamelowa, wana matope mpaka kiunoni, wanabeba mikeka, wanabeba masi, na Dharmend anabeba bakuli. Nyuma yao alikuja Taraivini. Nywele zake zilikuwa zimesimama kila upande. Hakuzigusa.

Tukaiingiza ukumbini. Akafungua kamba moja moja kwa meno, maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Turubai likavuliwa. Akapitisha kiganja juu ya masi kutoka ncha hii mpaka ncha ile, na nilimwona akifumba macho.

"Kavu," akasema.

Wakaikunjua. Ilitoka ukumbini, ikavuka baraza, ikateremka ngazi, na watu wakarudi nyuma kuipisha mpaka mwisho wake ukafika chini ya turubai la uani. Nyeusi ya masizi na nyekundu ya udongo juu ya rangi ya maziwa, miraba, nyota, majani, na pembeni safu ya kasa wadogo wanaofuatana. Hata watu wa basi walikuwa wanaiona kwa mara ya kwanza. Yule mjenzi aliyetumbukia mferejini alikuwa anajifuta pua kwa mkono.

Bibi Losana aliinuka. Alitembea kando ya masi pole pole, akainama, akaigusa kwa vidole viwili kama mtu anayejaribu joto la maji ya mtoto. Alipofika mbele ya wifi yangu akamtazama.

"Hii imefikaje hapa, na barabara imefungwa?"

"Kwa mabega," akasema Taraivini.

Bibi Losana akashuka chini, akakaa kwenye sakafu, yeye ambaye sikuwahi kumwona akikaa chini kwa ajili ya mtu, akakunja viganja akapiga yale makofi mazito, ya polepole, yanayopigwa kwa heshima. Nyumba nzima ya Samabula ikashuka chini ikapiga naye.

Kesho yake Laniana aliolewa akiwa amevishwa na shangazi yake. Wanawake wa kiwandani walikuja na zawadi, na ndio waliomshikia mkia wa masi kutoka getini mpaka kanisani, kwa sababu walisema wanajua uzito wake. Kaliopate alikuja na mkewe, mwanamke mdogo mwenye miwani. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya wakubwa, akachukua kichwa cha nguruwe kilichokuwa kimewekewa mchungaji, akatoka nacho mlangoni. Taraivini alimfukuza mpaka barabarani kwa matusi mabaya sana, na wote wawili walirudi wameshikana mikono wakicheka mpaka machozi.

Wakati wa chakula Bibi Losana alimwita Taraivini akae karibu yake, mahali pa mwanamke mkubwa wa ukoo. Wakahudumiwa kabla ya wote. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mkeka, nikamsikia yule bibi akimwomba amsimulie safari nzima tangu Namuka, asiache kitu. Wifi yangu alikuwa ameshika kichwa cha samaki kwa mikono miwili.

"Nitakusimulia," akasema, "lakini tangu juzi sijala vizuri. Waambie waniletee sahani nyingine kwanza."